Hofu, Kumbukumbu na Vichocheo vya Ubongo: Panya wa Maabara Wanatufundisha Nini Kuhusu Watoto Wetu?



Mama mmoja wa hapa Majengo, Dodoma, alinisimamisha karibu na soko akiwa na chupa ya dawa mkononi. Mwanawe ana miaka tisa na anahifadhi Juzuu Amma. Usiku, wakiwa nyumbani, mtoto anasoma sura nzima bila kukwama. Asubuhi akisimama mbele ya ustadhi aliyeshika bakora, mikono inatetemeka, ulimi unakuwa mzito na sura yote inapotea. Anachapwa, na kesho yake anasahau zaidi. Mchuuzi mmoja akamwambia mama huyo kwamba mtoto ana "upungufu wa chakula cha ubongo". Akamuuzia chupa ya maji matamu na kumwambia ndani yake mna "peptaidi za akili". Pesa iliyolipwa ilikuwa ya kula siku tatu.

Mama aliniuliza mambo mawili. Hizo peptaidi ni kitu gani? Na je, zitamsaidia mwanawe? Nimeona nijibu hapa, kwa sababu wazazi wenye swali hilo ni wengi. Jibu lake linaanzia kwa panya wa maabara na kuishia ndani ya nyumba zetu.

PEPTAIDI NI NINI?

Chukua tasbihi uitazame. Ni punje zilizotungwa kwenye uzi. Nyama, samaki, maharage na maziwa tunayokula yana protini, na kila protini ni uzi mrefu wa punje ndogo sana ziitwazo amino asidi. Mwili hutumia aina 20 za punje hizo. Uzi ukiwa mrefu tunauita protini. Ukiwa mfupi, wa punje chache au makumi machache, tunauita peptaidi.

Baadhi yake unazijua tayari. Insulini wanayojidunga wagonjwa wa kisukari ina punje 51. Sindano anayochomwa mama mara tu baada ya kujifungua, ili kuzuia damu isitoke kwa wingi, ni peptaidi iitwayo oksitosini, na ina punje tisa tu. Kuna na ndugu yake aitwaye vasopresini, mwenye punje tisa pia. Hawa wawili wanatofautiana kwa punje mbili tu, lakini kazi zao ni mbali. Oksitosini hukaza mfuko wa uzazi na kushusha maziwa. Vasopresini huzuia maji ya mwili yasipotee kwenye mkojo. Ndiyo maana mpangilio wa punje una maana kubwa.

Mwanzoni wataalamu walidhani kazi ya peptaidi hizi inaishia mwilini. Baadaye ikagundulika kwamba ubongo nao unazitumia kama matarishi wa kupeleka habari. Matarishi wa kawaida wa ubongo ni kama mtu anayemnong'oneza jirani yake: ujumbe unafika upesi na kwisha upesi. Peptaidi ni kama tangazo la kipaza sauti. Linachelewa kidogo, lakini mtaa mzima unasikia na athari yake inakaa. Kwa hiyo zinahusika sana na hali zinazodumu, kama vile njaa, kiu, mapenzi ya mama kwa mtoto, hofu na utulivu.

PANYA ANAPIMWAJE HOFU?

Huenda ukauliza, mtu atajuaje kama panya ana wasiwasi au amesahau, na panya hasemi?

Kupima hofu, wataalamu hutengeneza ubao wenye umbo la msalaba na kuuinua juu ya sakafu. Mikono miwili ya ubao huo ina kuta, na miwili iko wazi. Panya kwa maumbile hupenda kujificha, lakini pia ni mdadisi. Aliyetulia hutoka mara kwa mara kuchungulia kwenye sehemu zilizo wazi. Mwenye wasiwasi hujibanza kwenye kuta muda wote. Mtaalamu anahesabu dakika tu.

Kupima kumbukumbu, wanatumia birika kubwa la maji yaliyofanywa meupe kama maziwa. Njia hii aliianzisha Mwingereza Richard Morris mwaka 1981. Chini kidogo ya uso wa maji kuna jukwaa dogo lisiloonekana. Panya anaogelea huku na huko mpaka alipate na kupumzika juu yake. Akirudishwa siku ya pili, panya aliyekumbuka huenda moja kwa moja. Aliyesahau hupiga mbizi kila upande.

MATUMAINI YA VASOPRESINI

Mtu aliyefungua mlango huu ni mtaalamu wa Uholanzi, David de Wied, wa Utrecht. Katika miaka ya 1960 aliwafundisha panya kukwepa mshtuko mdogo wa umeme kila waonapo ishara. Kisha akawaondoa baadhi yao sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Sehemu hiyo ndiyo inayotoa vasopresini na oksitosini. Panya hao walisahau somo upesi kuliko wenzao. Alipowachoma vasopresini, somo likakaa tena. Oksitosini kwa upande wake ilionekana kufanya kinyume, yaani kulegeza kumbukumbu ya jambo la kuogofya.

Habari hizo zilileta matumaini makubwa. Wapo waliodhani dawa ya kusahau imepatikana, na wazee waliopoteza kumbukumbu wakajaribiwa dawa za jamii ya vasopresini. Matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Wataalamu wengine nao wakahoji kama panya wale kweli walikuwa wanakumbuka zaidi. Vasopresini ikiingia kwenye damu hupandisha presha na kumsisimua mnyama, na mnyama aliyesisimka huonekana yuko macho zaidi. Leo dawa ya jamii hiyo inatumika hospitali kwa watu wanaokojoa kupita kiasi kwa kukosa vasopresini, na kwa baadhi ya watoto wanaokojoa kitandani. Haitumiki kuwapa watu akili.

Zingatia jambo hilo, ndugu msomaji, maana tutalirudia: kitu kinaweza kumsaidia panya kwenye maabara na kisimsaidie mtoto wako darasani.

MNYORORO WA HOFU

Mwaka 1981 Wylie Vale na wenzake, katika taasisi ya Salk huko California, waliipata peptaidi nyingine kwenye ubongo wa kondoo. Ina punje 41 na inajulikana kwa herufi CRF. Huyu ndiye mpiga ngoma ya hatari. Ubongo ukiona kitisho, hutoa CRF. CRF huiamrisha pituitari itoe peptaidi ya pili, iitwayo ACTH. Hiyo husafiri kwenye damu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, na mwili unakuwa tayari kukimbia au kupigana.

Panya akichomwa CRF ndani ya ubongo, hata kama hakuna paka wala kelele, anafanya kama aliyeona adui. Anajibanza, anaganda, anashtuka kwa jambo dogo, na kwenye ule ubao hatoki tena nje ya kuta.

Lakini kuna breki pia. Mwaka 1982 ilitangazwa peptaidi yenye punje 36 iitwayo nyuropeptaidi Y, iliyopatikana katika ubongo wa nguruwe. Panya wakipewa hiyo ndani ya ubongo, hofu inashuka na wanatoka kuchungulia. Mwaka 2000 ilionekana kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa kwenye mazoezi makali ya kutishwa na kuhojiwa kwamba wale waliotoa peptaidi hii kwa wingi zaidi ndio waliobaki na utulivu zaidi wa akili. Basi mwili una mpiga ngoma ya hatari na una wa kutuliza pia. Afya ni kuwa nao wote wawili kwa kiasi.

KWA NINI MTOTO ANASAHAU MBELE YA BAKORA

Sasa tumefika kwenye swali la mama yule. Mwaka 1998 Dominique de Quervain na wenzake waliwafundisha panya mahali jukwaa lilipo kwenye lile birika la maji. Siku iliyofuata, kabla ya mtihani, waliwapa mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Waliopimwa dakika mbili baada ya mshtuko walikumbuka vizuri. Waliopimwa baada ya saa nne walikumbuka vizuri. Lakini waliopimwa nusu saa baada ya mshtuko walizunguka birika kama wageni.

Kwa nini nusu saa? Kwa sababu huo ndio muda ambao ule mnyororo wa CRF na ACTH unakuwa umekwisha kuijaza damu homoni ya hofu. Panya waliopewa dawa ya kuzuia homoni hiyo isitengenezwe, walikumbuka japokuwa walishtuliwa. Na wale waliochomwa homoni yenyewe bila kushtuliwa, walisahau.

Tafakari maana yake. Somo lilikuwa bado limo kichwani, maana saa chache baadaye lilipatikana. Kilichofungwa ni mlango wa kulitolea. Mwaka 2000 watafiti hao waliwapima watu wazima waliojifunza orodha ya maneno. Waliokunywa kidonge cha kotisoni saa moja kabla ya kuulizwa walikumbuka maneno machache zaidi kuliko waliokunywa kidonge kitupu.

Hofu haifuti kila kitu, ndugu msomaji. Kitu cha kuogofya chenyewe hukumbukwa sana. Mtoto aliyechapwa akiwa anasoma huenda akaisahau aya, lakini bakora, sura ya mwalimu na kicheko cha wenzake havisahau. Kesho yake akiingia tu mlangoni, mpiga ngoma ameshaanza kabla hata hajaulizwa. Ndiyo maana mtoto yule anajua usiku na hajui asubuhi. Kumwita mzembe au mbishi ni kumdhulumu.

Na hofu ikiwa ya kila siku, madhara yanazidi. Katika miaka ya 1990 Bruce McEwen na wenzake huko New York waliwabana panya saa sita kila siku kwa siku 21. Katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, matawi ya chembe za neva yalisinyaa na panya wakashindwa majaribio ya kukumbuka. Habari njema ni kwamba walipoachwa wapumzike, matawi yale yalirudi.

MAMA ANAYELAMBA WANAWE

Kuna jaribio moja ambalo kila mzazi angepaswa kulijua. Michael Meaney na wenzake, huko Montreal nchini Kanada, waliona kwamba panya wa kike wapo wanaowalamba na kuwapapasa wanao sana, na wapo wanaofanya hivyo kidogo. Mwaka 1997 walieleza kwamba watoto wa mama wenye kulamba sana, wakiwa wakubwa, walikuwa na CRF ndogo katika ubongo na homoni ya hofu haikupanda sana walipobanwa. Baadaye ikaonekana kwamba hata kwenye kujifunza walikuwa bora.

Je, ni damu ya ukoo? Walibadilishana watoto. Mtoto wa mama mkavu akilelewa na mama mwenye huruma, alikua mtulivu. Malezi ya siku za kwanza yaliacha alama yake kwenye ubongo.

Tusidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Katika msitu wa Budongo, Uganda, Catherine Crockford, Roman Wittig na wenzao waliwafuata sokwe wa porini na kukusanya mkojo wao kutoka kwenye majani. Mwaka 2013 walieleza kwamba sokwe aliyechambuliwa manyoya na mwenzake wa karibu, awe ndugu au rafiki tu, mkojo wake ulikuwa na oksitosini nyingi zaidi. Akichambuliwa na yule asiye na ukaribu naye, haikupanda hivyo. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kugawana chakula nako huipandisha. Peptaidi ile ile ya wodi ya wazazi ndiyo inayotembea pale sokwe wawili wanapokaa kwa amani.

Na karibu nasi zaidi, kilomita zipatazo 260 kutoka Dodoma, shirika la APOPO linafundisha panya buku pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, tangu mwaka 2000. Panya hao wananusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa mwaka 2013, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia. Alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Wanafundishwaje? Wakiwa wadogo wanazoeshwa watu, sauti na mazingira mpaka woga uwatoke. Kisha kila wakipatia wanasikia mlio mdogo na kupewa chakula, kama vile kipande cha ndizi. Wakikosea hawachapwi, bali hawapati tuzo. Inachukua miezi tisa hivi, na kumbukumbu yao inaaminiwa kiasi cha watu kutembea juu ya ardhi waliyoipitisha kuwa ni salama.

BASI, KWA NINI TUSINUNUE CHUPA?

Kama peptaidi zina nguvu hivi, kwa nini tusizinywe? Sababu ni tatu.

Kwanza, tumbo. Peptaidi ikimezwa hukatwa punje moja moja kama kipande cha nyama. Ndiyo sababu insulini inadungwa na hainywewi. Zipo chache zilizotengenezwa kwa ufundi maalumu ili sehemu ndogo ipenye, lakini hizo ni dawa za daktari. Hazipatikani kwenye chupa ya mchuuzi.

Pili, hata zikiingia kwenye damu, ubongo una ukuta wake unaochuja vitu, na peptaidi nyingi hazipiti kwa urahisi. Ndiyo maana panya wengi wa maabara walichomwa ndani ya ubongo moja kwa moja.

Tatu, panya si mtoto. Kampuni kubwa zilitengeneza dawa za kuizuia CRF, zikawatuliza wanyama, lakini kwa watu wenye wasiwasi na sonona hazikufaulu. Moja ya jamii hiyo iliidhinishwa Marekani Desemba 2024, tena kwa ugonjwa wa kurithi wa tezi za juu ya figo. Oksitosini ya kupuliza puani nayo ilijaribiwa Marekani kwa watoto na vijana 290 wenye usonji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yakaonyesha haikuwazidi waliopuliziwa dawa tupu.

Na tahadhari nyingine: oksitosini si dawa ya kujaribia nyumbani. Akichomwa mama mwenye uchungu bila kipimo wala uangalizi, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka na mtoto kufa. Iachwe mikononi mwa wakunga na madaktari.

Wapo watakaouliza kuhusu asili ya dawa hizi. Oksitosini ya hospitali hutengenezwa kiwandani. Mmarekani Vincent du Vigneaud ndiye aliyeiunga kwa mara ya kwanza mwaka 1953, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1955. Insulini inayotumika zaidi leo hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Kuhusu dawa yoyote unayoitilia shaka, muulize mfamasia chanzo chake na kama imesajiliwa na TMDA.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA MADRASA?

Kwanza, mtoto anayesahau apelekwe kupimwa kabla ya kununuliwa chochote. Apimwe masikio, macho na upungufu wa damu. Kifafa kipo cha aina ambayo mtoto haanguki, bali anatumbua macho sekunde chache na kupitwa na maneno. Hiyo huonekana kama uzembe na ina dawa. Tumia chumvi yenye madini joto, kwani upungufu wake hudhuru ubongo wa mtoto tangu tumboni.

Pili, alale vya kutosha. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga yale uliyojifunza. Mtoto anayelala saa sita usiku kwa ajili ya televisheni, kisha akaamshwa alfajiri, tumemwibia kumbukumbu yake.

Tatu, asome kidogo kidogo na kurudia kwa siku nyingi, na apate kifungua kinywa, hata kama ni uji.

Nne, bakora iondoke machoni pake wakati wa kusomesha. Mwalimu amsikilize kwanza akiwa peke yake, amwanzishe neno la kwanza akikwama, na amsifu akipatia. Adabu haipotei kwa hilo. Walimu wengi wa zamani waliofaulu sana walikuwa na haiba, na haiba si fimbo.

Tano, tusisahau wakubwa. Yupo anayerudia udhu mara kumi na bado haamini kwamba ametawadha, ngozi imechubuka na sala inampita. Yupo anayeamka usiku moyo ukimwenda mbio bila sababu. Hali hizo zinaweza kuwa maradhi, na yana matibabu. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, lakini tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana. Matokeo yake mgonjwa anaona haya kwenda na nyumba inateketea kimyakimya. Dua iombwe, na hospitali iendewe pia, kama tunavyofanya kwa malaria.

Mama yule nilimshauri aiweke chupa pembeni, ampeleke mtoto kupimwa masikio na macho, kisha akazungumze na ustadhi kwa upole, mtoto asiwepo. Amweleze kwamba usiku sura inasomwa yote, na amwombe amsikilize mtoto siku chache bila bakora na bila wenzake kuwapo. Chupa haitakupa kitu ambacho mkono wa mama kichwani na sauti ya upole ya mwalimu vinatoa bure.

Wabillahi tawfiq.